Mama kijacho wa Mbeya naomba msaada: listi ya vitu vya mtoto, nianze na nini na nini nikiache?

mama_kijacho_uyole

Habari zenu wanajamvi, naenda moja kwa moja. Natarajia kujifungua katikati ya mwezi wa sita, mtoto wa kwanza, naishi Uyole hapa Mbeya. Ndugu na wafanyakazi wenzangu wamefungua grupu la WhatsApp na wamekataa katakata kuchanga hela tu hivi hivi, wanataka niandike listi ya vitu, kila mtu achague chake aweke jina ili wasije wakaleta watu watano kitu kilekile, maana kuna dada wa ofisini kwetu alipojifungua yalikuja mabeseni ya kufungulia duka na hakuna hata mmoja aliyekumbuka sabuni.

Sasa nimekaa kuandika nimeishiwa. Wifi yangu yuko Dar kanitumia listi yake, ndefu hiyo, ina feni ndogo ya kubana kitandani, ina vinguo visivyo na mikono dazeni nzima, kigari cha kumsukumia, kitanda cha mbao chenye droo, chupa za maziwa saizi tatu na mashine ya kuzichemshia, mto wa kutengeneza kichwa, poda, kitembezi cha magurudumu... na mimi nyumba yangu vyumba viwili. Halafu wanaochanga wenyewe sio matajiri, kuna wamachinga humo, kuna shangazi yangu anauza mboga Soko Matola, sitaki mtu aone listi akajitoa kwenye grupu kwa aibu.

Walioshalea watoto huku kwenye baridi naombeni mniambie vya lazima ni vipi. Wikiendi natakiwa niwe nimeposti.

bibi_wa_makambako

Kamwene mwanangu, hongera sana. Hiyo listi ya wifi yako ni ya Dar, mshukuru halafu iweke pembeni. Feni Uyole mwezi wa sita jamani, si utamgandisha mtoto wa watu.

Mimi wangu wanne nimezaa huku huku, na nakwambia kwanza ni kumvika, mengine yote yanafuata. Vesti za pamba za mikono mirefu, hizo ndio zinakaa kwenye ngozi, chukua sita. Juu yake ovaroli zile zenye miguu yake kabisa, usihangaike na soksi, soksi za kichanga zinachomoka kila ukigeuka. Juu yake sweta, na sweta la sufi lisiguse ngozi linawasha, ndio maana nakwambia vesti kwanza. Kofia mbili tatu zinazokaa vizuri kichwani, zisizo na kamba za kufunga shingoni. Mashali mawili mepesi na blanketi moja. Mbu huku kwetu hawapo wa kutisha, adui ni baridi.

Ukishaandika hayo umefika nusu ya listi mwanangu, mimi naona watu wanajaza tu mavitu.

mjanja_wa_mafiat

hahahaa feni Uyole!! wifi anataka mtoto awe samaki wa friji

nesi_nyanda_za_juu

Niko wodi ya wazazi, kituo sitaji. Naunga mkono aliyosema bibi ila naongezea kidogo na hapo kwenye mbu nitampinga kwa adabu.

Kichanga hawezi kutetemeka kama sisi ili apate joto, anategemea mafuta maalumu aliyozaliwa nayo mwilini na yanaisha haraka, halafu kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili kwa hiyo joto jingi linapotelea hapo. Ndio maana kitu cha kwanza kabisa akitoka tumboni anafutwa na kuwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mnafunikwa wote wawili. Hiki hakinunuliwi na kinashinda blanketi lolote, nyumbani pia unaweza kuendelea nacho, hata baba anaweza, afungue shati aache kuogopa. Na kuoga, Shirika la Afya Duniani linashauri asubiri angalau masaa 24 baada ya kuzaliwa, kwa hiyo wale mabibi wanaokuja na beseni siku ileile waambie polepole.

Kuhusu idadi ya nguo: kanuni rahisi ni kwamba mtoto avae tabaka moja zaidi ya wewe unavyovaa ukajisikia vizuri kwenye chumba hichohicho. Usipime kwa viganja, viganja vya kichanga mara nyingi ni vya baridi tu, shika nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na jasho umemzidishia, punguza. Huku kwetu tunaona wengi wanaozidisha, unamfungua mtoto shali la kwanza, la pili, la tatu, blanketi, ndio unamkuta mtoto mwekundu analowa jasho.

Alale chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto. Mto wa kutengeneza kichwa futa kwenye listi, kitu laini karibu na uso kinaweza kumziba pumzi. Blanketi zito juu ya uso hapana. Poda nayo futa, vumbi lake linaingia kwenye mapafu.

Mbu sasa. Mbeya mjini na Makambako kweli baridi inasaidia, lakini watu husafiri. Mtoto ana miezi mitatu mnampeleka Kyela kumsalimia babu, kule chini ziwani ni joto na mbu wapo wa kutosha. Chandarua chenye dawa kiwepo, ila kabla hujakiweka kwenye listi ulizia kwanza kliniki unakohudhuria kama wanakupa.

La mwisho na naomba lisomwe vizuri. MSIINGIZE JIKO LA MKAA CHUMBANI. Najua mwezi wa sita na wa saba watu wanafanya hivyo, wanasema mkaa ukishakolea ukawa mwekundu hauna moshi kwa hiyo hauna shida. Ile hewa inayoua haina moshi, haina harufu, na mkaa mwekundu ndio unaitoa vizuri tu. Mama na mtoto wanalala wamefunga madirisha wanazibia na nguo chini ya mlango, asubuhi hawaamki. Sio "nitalitoa kabla ya kulala", usiliingize kabisa.

mama_kijacho_uyole

Nesi ahsante sana ila umenitisha, maana mama mkwe anakuja kunilea na yeye kwa jiko humwambii kitu. Sasa chumba tutapashaje?

nesi_nyanda_za_juu

Chupa ya maji ya moto uifunge kwenye taulo, weka kitandani kama dakika kumi, itoe, ndio umlaze mtoto. Usimlaze nayo. Hita ya umeme ikiwepo washa kabla hajaoga, isiwe karibu na kitanda. Na muogeshe saa sita saba mchana jua likiwa limewaka, nani kawaambia mtoto lazima aoge asubuhi saa kumi na mbili? Mama mkwe mwambie nesi kakataza, sisi tumezoea kulaumiwa.

baba_wawili_tukuyu

Ndaga (ahsante) kwa mada. Mimi baba, lakini nepi nimefua kwa hiyo nina haki ya kuongea.

Mnamshauri kama vile Nyanda za Juu yote ni moja. Listi inategemea unazaa wapi na MWEZI GANI. Mleta mada anazaa mwezi wa sita Mbeya mjini, hapo usiku ni baridi kali lakini mchana jua lipo na mvua hamna, nepi zikianikwa saa nne saa tisa zimekauka. Kwa hiyo hahitaji nepi nyingi, anahitaji nguo nzito. Sisi huku Tukuyu mvua haijui mwezi, wa kwetu wa kwanza alizaliwa mwezi wa tatu, ndani ya nyumba zilikuwa zinaning'inia nepi tu kila kamba utafikiri bendera za sherehe, na hazikauki, zinanuka ubichi. Kilichotuokoa ni pasi ya mkaa, unainyoosha nepi huku inatoa mvuke (pasi ipigiwe nje barazani, nesi asije akanigombeza). Mwenye kuzaa kipindi cha mvua aandike nepi dazeni tatu na kamba ya ziada na pampasi za akiba, huyu wa mwezi wa sita dazeni mbili zinamtosha kabisa.

Na pampasi: watu wakisikia mtoto wote wanaleta zile saizi ndogo kabisa. Mtoto anazaliwa na kilo tatu na nusu, mwezi haujaisha zinambana. Andika kabisa saizi, mwambie mtu mmoja alete ndogo, waliobaki wote saizi zinazofuata.

belo_jipya_mwanjelwa

Hapo kwenye saizi baba wawili umegusa kazi yangu. Nauza mtumba wa watoto Mwanjelwa miaka sasa, na kosa ninaloliona kila wiki ni hilo, mtu ana mgeni wa mtoto anakuja kuchagua kanguo kadogooo kanakomfurahisha macho. Mtoto anapata vinguo ishirini vya miezi 0 mpaka 3 ambavyo vingine vitarudi kwangu na lebo yake.

Mleta uzi fanya hesabu hii ndogo. Unazaa mwezi wa sita, mtoto akifika miezi sita ni Desemba, mvua zimeanza, baridi sio ile, hapo anataka nguo za kawaida na za kubadilisha haraka kwa sababu ndio anaanza kula na kujichafua. Akifika mwaka mmoja ni mwezi wa sita tena!! Kwa hiyo masweta na ovaroli nzito waambie wanunue za saizi mbili tu, za sasa hivi na za miezi 12 hadi 18. Sweta zito la miezi sita utamvisha wapi.

Mtumba usiudharau, hizo ovaroli za miguu anazosema bibi nyingi zinatoka nchi za baridi, nzuri kuliko za dukani za plastiki plastiki. Ila chagua: zipu ifunge bila kukwama na iwe na kile kitambaa cha kukinga kidevu, vifungo uvivute kwa nguvu kama vimelegea achana nayo, kamba za shingoni kata. Ukifika nyumbani loweka, fua kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi, ndio ivaliwe. Na rangi, hata kama utrasaundi imesema wa kike sawa, lakini andika njano, kijani, nyeupe, kijivu, utamvisha na mdogo wake.

Bei msiniulize humu, nikitaja leo kesho belo likipanda mtanitukana.

sinunui_kabla

Mimi naomba niwe tofauti. Kwetu vitu vya mtoto havinunuliwi kabla hajazaliwa, tunaogopa. Sio ushamba, kila nyumba ina yake. Hizi listi za kuposti mimba ikiwa na miezi saba mnazitoa wapi.

bibi_wa_makambako

Mwanangu sijakukatalia, hata mama yangu alikuwa hivyo. Lakini hospitali utaenda na mikono mitupu? Kuna vya kwenda navyo havisubiri. Kanga, nguo za mtoto za siku mbili, vya uzazi, hivyo vikae kwenye begi tayari tangu mimba ikiwa na miezi minane, maana uchungu hauandiki barua. Mengine yaandikwe tu, watu wavinunue wakae navyo kwao mpaka wasikie vigelegele. Listi haina mkosi, ni karatasi.

sinunui_kabla

Hapo sawa bibi, wakae navyo kwao.

nesi_nyanda_za_juu

Bibi kasema jambo la msingi, begi la hospitali LISIWE kwenye listi ya zawadi. Hilo ni lenu wewe na baba mtoto, halitegemei mtu atakayechelewa kutuma hela. Kila kituo kina utaratibu wake wa vitu vya kuja navyo, waulize kliniki na uandike walivyokwambia wao, usinakili za kwenye mtandao. Kwa kawaida utasikia kanga safi doti kadhaa, mpira wa kutandika, glovu, pamba, kibana kitovu, pedi kubwa za uzazi, beseni, sabuni, chupa ya chai. Na nauli ya usiku iwepo, mtu mwenye bajaji mwenye simu inayopokelewa.

Kitovu hakina cha kununua. Kinaachwa kikavu na kisafi, nepi ifungwe chini yake, usipake mate wala majivu wala mafuta, kitakatika chenyewe. Ukiona wekundu kuzunguka, usaha au harufu mbaya mlete kituoni hiyohiyo siku.

niko_ughaibuni_kwa_muda

Wakuu salamu kutoka Ufini, mimi mtu wa Mafinga niko huku masomoni. Nimesoma uzi huu nikakumbuka sanduku la huku. Serikali inampa kila mama mjamzito sanduku la vitu vya mtoto bure, walianza 1938 kwa wenye kipato cha chini tu, kuanzia 1949 likawa la kila mtu, sharti uwe umehudhuria kliniki kabla mwezi wa nne wa ujauzito haujaisha. Ndio ujanja wao wa kuwavuta akina mama kliniki mapema. Ukitaka hela badala ya sanduku unapewa yuro 170, lakini wengi wenye mtoto wa kwanza wanachukua sanduku kwa sababu vitu vilivyomo vina thamani kubwa kuliko hiyo hela.

Nilichokipenda nikaona niwaletee: nchi tajiri, baridi yao ya kuua, lakini ndani ya sanduku hamna makorokoro. Nguo za kuvaa tabaka kwa tabaka, mfuko wa kulalia, ovaroli ya kutokea nje, shuka, taulo, vitu vidogo vya usafi kama kikata kucha, na kigodoro kinachoenea ndani ya sanduku lenyewe. Yaani boksi la karatasi ngumu ndio kitanda cha kwanza cha mtoto. Na hawaweki chupa za maziwa wanataka mama anyonyeshe. Kwa hiyo mleta mada kitanda cha droo cha wifi kisikunyime usingizi.

mjanja_wa_mafiat

mkuu huko baridi digrii ngapi sasa hivi. na boksi hapa kwetu lipo la sabuni, si nalo ni boksi

niko_ughaibuni_kwa_muda

Hahaha mkuu boksi la sabuni halina godoro lililopimwa, acha utani. Ila hata tenga imara lenye kigodoro kigumu kinachoenea bila kuacha nafasi pembeni linafaa miezi ya mwanzo.

karani_mnyonyeshaji

Naongea na wenye ajira. Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, mapacha siku 100, na baba siku 3. Siku 84 zinaisha mtoto hana hata miezi mitatu, wakati anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Kwa hiyo mimi kitu kimoja cha bei ningekiweka kwenye listi yako ni pampu ya kukamulia, hata ya mkono, na vyombo vya kuhifadhia vyenye mfuniko. Yakishakamuliwa yanakaa masaa 4 kwenye chumba kisicho na joto kali, kwenye friji siku 4. Anayebaki na mtoto atumie kikombe kidogo na kijiko, kikombe kinaoshwa kikatakata na hakina kona za kuficha uchafu kama chuchu ya plastiki, hapo mashine ya kuchemshia chupa haina kazi.

Na sheria hiyohiyo inampa mama mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya saa za kazi akanyonyeshe. Wengi hawajui, wanavuja maziwa kwenye mikutano. Mwambie bosi mapema, hii nayo ni maandalizi.

dereva_noah_isanga

Jamani kigari mbona kila mtu kakiruka. Mke wangu alikitaka kwa machozi. Nyumba iko Isanga mlimani, mlima wenyewe kokoto na mifereji, kigari ukikisukuma juu kinarudi chini na mtoto. Kilitumika kubebea ndoo za maji. Mbeleko ndio gari la huku, vitenge viwili vizuri vya kubebea unaviandika na hata shangazi muuza mboga anaweza kuleta kimoja.

Na kile kitembezi cha magurudumu wifi mwambie Kanada walikipiga marufuku tangu 2004 kwa sababu watoto walikuwa wanaporomoka nacho kwenye ngazi. Mtoto atajifunza kutembea tu akishika kochi.

mama_kijacho_uyole

Jamani nimelia na nimecheka. Nimerudi na listi, nimeifupisha, naomba muikosoe kabla sijaposti.

Vesti za pamba mikono mirefu sita. Ovaroli za miguu nne za sasa hivi na mbili za mwaka mmoja. Masweta mawili, moja dogo moja la miezi 12-18. Kofia tatu. Mashali mawili, blanketi moja. Nepi dazeni mbili, pini, pampasi paketi moja ndogo na zilizobaki saizi za juu. Beseni MOJA (nimeandika kwa herufi kubwa). Mataulo mawili laini. Sabuni ya kufulia, hii nimeacha wazi watu wengi wachague. Mafuta ya mtoto yasiyo na harufu. Kikata kucha. Kipima joto. Vitenge viwili vya mbeleko. Pampu ya mkono, hii wamejitolea wa ofisini kuungana watu watatu. Kigodoro kigumu na shuka mbili. Chandarua nitauliza kliniki.

belo_jipya_mwanjelwa

Imekaa vizuri. Ovaroli za mwaka mmoja hazina mtu atakayezichagua nakwambia, watu wanapenda vidogo. Zipe mtu kwa jina.

baba_wawili_tukuyu

Listi nzuri lakini ina upungufu mmoja mkubwa, yote ni vitu vya dukani. Mama atakula nini na nani atafua?

Sisi kwa mtoto wa pili tulifanya tofauti. Tuliandika kazi. Nani atafua Jumatatu, nani Alhamisi, nani ataleta uji wa ulezi asubuhi, nani atakaa na mtoto mama alale masaa mawili mchana, nani ataleta kuni. Wasiokuwa na hela walikuwa wa kwanza kujiandika tena wakajisikia wenzao, sio wa kuangaliwa. Jirani mmoja alikuja kufua wiki mbili mfululizo, mimi hiyo zawadi siwezi kuilinganisha na kigari cha mtu yeyote. Mzee wangu alileta mkungu wa ndizi na maziwa, mjomba wa Kyela kilo za mchele, kuku hao usiseme. Mama akishiba maziwa yanatoka, mtoto anapata lake humohumo. Shangazi yako wa Soko Matola mwandike mboga za majani kila Jumamosi mwezi mzima, uone kama hatakuwa wa kwanza kuweka jina.

karani_mnyonyeshaji

Hii ndio komenti ya uzi. Wageni wa mtoto wanakuja mikono mitupu wanataka chai, mzazi ndio ananyanyuka kuwasha jiko.

nesi_nyanda_za_juu

Nakubali, na wanaojiandika kufua au kubeba mtoto wasije wakiwa na mafua au kikohozi, waombe mtu wa kubadilishana naye. Wanawe mikono kwanza.

Pia baba mtoto mpe kazi ya karatasi. Chanjo za mwanzo, ya kifua kikuu na matone ya polio, anapewa akizaliwa, halafu wiki ya 6, ya 10, ya 14, surua miezi 9 na miezi 18, zote bure, kadi asiipoteze. Na cheti cha kuzaliwa, watoto wa chini ya miaka mitano wanasajiliwa bure kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata, mpango huo Mbeya ndio ilikuwa ya kwanza nchini kuuanza, 2013, kwa hiyo sisi hatuna kisingizio. Msisubiri mpaka anaanza shule ndio mnakimbizana na mashahidi.

mama_kijacho_uyole

Nimeongeza upande wa kazi. Swali la mwisho, wale wanaong'ang'ania kutuma hela, zipokelewe na nani? Sitaki zije kwenye simu yangu nitakula zote kwenye chipsi, mimba hii inanipeleka.

karani_mnyonyeshaji

Mtu mmoja mtulivu, asiwe wewe wala mumeo. Namba moja tu ya M-Pesa au Mixx, jina linalotokea watu walione kwenye grupu, na kila ikiingia aandike palepale nani katuma na imeenda kwenye kitu gani. Ikibaki baada ya kununua, isirudishwe, iwe ya pampasi za miezi ya mbele, huko ndiko hela inakoisha kweli. Na usiweke bei mbele ya vitu, mtu atachagua cha rahisi kwa aibu au cha ghali kwa sifa.

mjanja_wa_mafiat

mixx ya wifi wa dar isiwe hiyo namba, atanunua feni

mama_kijacho_uyole

Apudeti wanajamvi. Nimeposti jana usiku. Nilivyoamka asubuhi upande wa kazi umejaa kuliko upande wa vitu, siamini. Shangazi kachukua mboga na kasema tena atalala kwangu siku mbili za mwanzo. Wifi wa Dar kanuna kidogo halafu kachukua blanketi na mataulo. Mume kapewa karatasi na jiko, jiko maana yake kulinda lisiingie chumbani, hata mama yake akiligeuza vipi. Vilivyobaki bila mtu ni ovaroli za mwaka mmoja (belo jipya ulijua), sweta kubwa, na kufua Jumanne.

bibi_wa_makambako

Sweta kubwa niachie mimi, nafuma jioni nikiangalia taarifa ya habari. Rangi ya njano iliyokolea ninayo uzi tayari. Nitalituma kwa basi la Njombe kwenda Mbeya, utalipokea stendi, njoo inboksi.

belo_jipya_mwanjelwa

Ovaroli mbili za miezi 12-18 nimekuwekea pembeni kwenye belo la leo, moja ina manyoya ndani. Mtume mtu, pesa atalipa yule mtunza hazina wako, sio zawadi hiyo nafanya biashara hahaha. Ila soksi nitaongeza bure, bibi anisamehe.

dereva_noah_isanga

Na Jumanne mke wangu kasoma uzi wote huu kwa simu yangu, anasema yeye Jumanne hana kazi, mwandike. Sabuni uwe nayo na maji yawe yameshachotwa.